Mkono wa Mzee Luhende

Kabula mwanangu,

Umetoka na mama yako kwenda kumuaga bibi, na mimi nimebaki hapa barazani na jua la alasiri, begi lako jipya, na kuku wa jirani ambao wameamua mpunga wetu ni wao. Begi limeshafungwa. Mama yako amelifungua na kulifunga tena sijui mara ngapi. Mambo ya shuka, baridi ya Arusha, vyakula vya njiani na watu wa kuwaogopa stendi ameshakueleza yote, tena kwa sauti iliyofika nyumba ya tatu. Huko sina la kuongeza. Ningeachiwa mimi kulipanga hilo begi, ungefika shuleni na nyundo na msumeno.

Mimi nataka tuongee habari ya mchezo mmoja tu, ule wa Shinyanga, wewe na Mzee Luhende. Najua hupendi kuusikia. Lakini tangu siku ile umenikaa kichwani kama wimbo, na nimeutafuna mpaka nadhani nimeuelewa kidogo. Ukiona nimekosea, nisamehe, mimi ni mtu wa drafti.

Na hapo kwenye drafti ndipo shida yangu inapoanzia. Unakumbuka yule mwalimu kijana aliyekuja kufanya mazoezi ya kufundisha shuleni kwenu, akaondoka na kukuachia ubao wa chesi wenye kete pungufu? Uliniletea ukasema, "Baba, farasi wamepotea, nichongee." Nikakuambia farasi sijawahi kumwona uso kwa uso, ila ng'ombe nimechunga tangu nina meno ya utoto. Nikakuchongea mafahali wanne, wenye nundu na pembe. Ukacheza na mafahali wale miaka yote, na ulipofika Shinyanga ukakuta farasi wenyewe mezani, uliniangalia ukacheka. Nilifurahi sana, maana kabla ya hapo ulikuwa unatetemeka.

Sasa nilipokuwa nakutazama ukicheza peke yako pale uani, kuna kitu kilinishangaza. Kila ukianza, unamtanguliza yule askari wa mbele ya mfalme hatua mbili, na mwenzako naye hivyohivyo, wanatazamana. Halafu hapohapo, hata mchezo haujapata joto, unamsukuma askari wa pembeni yake na kumweka mahali ambapo mwenzako anaweza kumla bure. Bure kabisa! Nikakuuliza, "Mbona unagawa mali asubuhi asubuhi?"

Ukanijibu bila kuinua kichwa: "Ndio ufunguzi wenyewe, baba. Akimla, ngome na askofu wangu wanapata njia. Akikataa, ni mchezo mwingine."

"Anaweza kukataa?"

"Kwa nini asiweze?"

Kabula, hujui jibu lile lilinigusa wapi. Kwenye drafti letu la vizibo, pale kijiweni karibu na mashine ya kukoboa, ukipewa lazima ule. Hata kama unaona kabisa kwamba ukila tu, mwenzako anakusafisha kete tatu, utakula, na watu watakushangilia huku unaangamia. Nimecheza hivyo tangu ujana. Nikakuuliza tena, "Na akikataa, wewe hukasiriki?" Ukanitazama kama mtu aliyeuliza kama mvua inakasirika. "Nikasirike nini, baba? Si amecheza tu? Wa kupokea wana mchezo wao na wa kukataa wana wao, na yote ina majina vitabuni."

Nikaenda kwenye benchi langu nikaendelea kupiga randa, lakini akili haikuwa kwenye mbao. Kukataa nako kuna jina kitabuni. Nilikuwa sijawahi kusikia jambo kama hilo.

Basi tukaenda Shinyanga, kwenye yale mashindano ya watu wa rika zote. Ulishinda, ukashinda, ukapoteza mmoja ukalia chooni ukadhani sikujua, ukashinda tena. Mpaka mchezo wa mwisho, ambao ukishinda unakuwa wa kwanza, na wa kwanza anakwenda Dar es Salaam kwenye kambi ya mazoezi. Tukaambiwa unacheza na Mzee Luhende, mwalimu mstaafu kutoka Didia, yule mwenye kofia ya sufu na fimbo aliyoitundika mgongoni mwa kiti. Ulimfikia ukakunja magoti, ukasema, "Shikamoo babu." Naye akaitika marahaba ndefu, akakuuliza wa ukoo gani, baba yako nani, mama yako wa wapi, ukajibu yote huku saa yako ya mchezo pale mezani inatembea. Refa, yule mama wa Mwanza, alikuwa anaikodolea macho ile saa. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani na kifua kimejaa. Nilijisemea, mtoto huyu amelelewa.

Ukafungua kwa ufunguzi wako. Ukamtoa askari wako sadaka, ukakunja mikono. Mzee akamwangalia yule askari. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akamwangalia tena. Halafu akamwacha palepale. Akamchukua askofu wake, akampeleka mbali, akamketisha anatazama ile kona ambayo mfalme wako alitaka kwenda kujificha. Hakukuomba radhi. Hakusema asante. Alikataa zawadi yako mbele ya ukumbi mzima, na wewe, mwanangu, ulitabasamu! Nilikuona. Ulipenda kukataliwa kule, kwa sababu kulikuwa kwa akili.

Ya katikati sikuyafuata. Niliona tu malkia wametoka wote wawili, na farasi wamekwisha, na watu wanaanza kusogea kwenye meza yenu. Ila ya mwisho niliyaelewa hata mimi. Ulikuwa na askari mmoja pembeni kabisa, amebakiza hatua mbili awe malkia. Ngome yako ilikuwa nyuma yake inamsukuma. Ngome ya mzee ilikuwa imebanwa, na mfalme wake alikuwa mbali, upande wa pili wa dunia. Mimi niliyechonga mafahali niliona. Refa aliona. Nikaanza kuwaza shati la kuvaa siku ya kukusindikiza Dar.

Hapo ndipo Mzee Luhende alipoinua uso, akakunyooshea mkono juu ya ubao, akasema taratibu, kama anamwita mwanawe, "Tuishie hapa, ng'wana wane."

Na wewe ukasimama, ukakunja goti, ukaupokea kwa mikono miwili.

Refa akaja mbio, akauliza, "Mmekubaliana sare?" Mzee akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Ukaulizwa wewe, ukasema, "Ndiyo," huku unatazama chini. Yule mama akanifuata ukutani akaninong'oneza, "Baba, binti yako alikuwa ameshashinda. Kwa nini amekubali?" Nafasi ya Dar ikaenda kwa mtu mwingine, akapigiwa makofi, na wewe ulipiga pia.

Tulipokuwa tunasubiri chai pale nje nilikuuliza. Ukasema, "Baba, ningemwachaje mzee wa watu mkono uko hewani?"

Sasa sikiliza nilichofanya mimi. Nilijivuna. Ndiyo, Kabula, nilikushika bega nikasema, "Umefanya vizuri, heshima ni bora kuliko kikombe," nikakununulia soda, na tulipofika nyumbani Masumbwe nikawasimulia watu wa kijiweni wote, nao wakasema hakika huyu ni mtoto. Nilikuwa nawasimulia kama ushindi. Niliendelea kuwasimulia mpaka siku ile nilipotoka karakana mchana kuchukua misumari, nikakukuta uani na ubao wako. Ulikuwa umepanga zile kete kama zilivyokuwa mwisho. Ukamsogeza yule askari hatua moja. Ukamsogeza ya pili. Ukamtoa, ukaweka malkia. Ukamtazama kidogo. Halafu ukamrudisha nyuma, ukaanza upya. Hukuniona. Nilirudi bila misumari.

Moyo uliniuma, na siku ile niliacha kusimulia.

Mguu wangu unaujua. Unajua niliumia Nyarugusu, kwenye duara, lile shimo la dhahabu, enzi hizo wewe bado unabebwa mgongoni. Lakini hujawahi kuniuliza jinsi nilivyoingia siku ile, na watu wengi wanadhani nilikuwa sijui. Mwanangu, nilikuwa najua. Kazi yangu ilikuwa matimba, yale magogo yanayozuia kuta za shimo zisifunge. Kila asubuhi nilishuka kabla ya wengine, nagonga gogo moja moja kwa nyundo na kusikiliza. Gogo zima linalia vizuri. Asubuhi ile, kule chini, magogo yalinijibu kwa sauti ya kiroba cha mchanga. Nilipanda juu nikamwambia mwenye duara, mzee mtu mwema sana, aliyekuwa ananiita mwanawe na hakuwahi kula bila kuniita. Nikamwambia, "Mzee, leo pasiingiwe." Akacheka. Akasema watu wamekaribia mwamba wenyewe, kesho kutwa wangefika. Akaninyooshea mkono: "Twende kazi, Baba Kabula."

Ningemwachaje mzee wa watu mkono uko hewani?

Niliupokea kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa na kama nilivyokufundisha wewe. Nikashuka. Namshukuru Mungu niliwazuia wengine wasinifuate mpaka nibadilishe magogo mawili ya mwanzo, kwa hiyo ukuta uliposhuka ulinikuta peke yangu. Walinichimbua wakanitoa na mguu huu ulivyo. Yule mzee alilia kuliko mimi. Hakuwa mtu mbaya, Kabula, nakuomba uelewe hilo. Aliomba tu. Anayeomba haombi kwa kuwa ana haki ya kupewa, anaomba aone. Mimi ndiye niliyekuwa nacheza drafti, nikipewa lazima nile.

Basi baada ya kukuona uani, nilishindwa kukaa. Kuna jambo moja nilitaka kujua: yule Mzee Luhende alijua anachofanya? Alikuwa anakutega, au vipi? Mama yako aliambiwa nakwenda Shinyanga kununua gundi na vitasa. Gundi nilinunua, hilo si uongo, ila nilifika mpaka Didia.

Nilimkuta amekaa nje kwenye kivuli cha ghala anapembua dengu. Tukasalimiana, mwadila, mwadila, habari za nyumba, za ng'ombe, za mvua. Nilipomwambia mimi ni baba wa yule binti wa Masumbwe, alisimama bila hata kuchukua fimbo.

"Afadhali umekuja!" akasema. "Ingia, ingia uone."

Akanipeleka ndani. Kwenye meza, kando ya redio, kulikuwa na ubao wa chesi, na juu yake mchezo wenu vilevile, na yule askari wako pembeni amebakiza hatua mbili. Mke wake akasema kutoka jikoni kwamba ule ubao haujaguswa na mtu mwingine tangu mzee atoke mjini, na wajukuu wakiusogelea wanafukuzwa na fimbo.

"Naomba uniambie," mzee akasema, "binti yako aliona nini? Mimi nilikuwa nimekwisha. Nilimwomba sare kama mtu anayezama anavyoshika jani. Nilijua atakataa, nilikuwa nimeshajiandaa kumpongeza. Akakubali! Nikasema, huyu ameona hatari ambayo mimi sijaiona. Nimeitafuta hapa mpaka macho yanauma. Nimejaribu kila ngome, kila njia. Siioni. Aliogopa nini?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikamwambia, "Mzee, hakuogopa kitu. Alikuheshimu. Aliona si adabu kukuacha mkono hewani."

Mzee Luhende akakaa. Akauangalia ule ubao. Nilidhani nimemfurahisha. Kumbe nimemuudhi.

"Heshima?" akasema. "Heshima ilikuwa ile shikamoo ya asubuhi. Nilishaipokea, nikaridhika nayo, ikaisha. Baada ya pale tulikuwa wachezaji. Mimi nilikataa askari wake mbele za watu, mbona hakuona nimemvunjia heshima?" Akamsogeza askari wako hatua moja, halafu ya pili, akamtoa, akaweka malkia. Akamlaza mfalme wake mwenyewe chini kwa kidole. "Mwambie hivi ndivyo ulivyoisha. Na mwambie amenidhulumu. Miaka yangu hii, kufungwa na mtoto wa namna ile ningesimulia mpaka kaburini."

Sikukuletea ujumbe ule. Nilirudi na gundi yangu nikanyamaza, na unajua kwa nini? Kwa sababu barua ya kuchaguliwa kwako kidato cha tano ilikuwa imeshatoka, Arusha, shule yenye klabu ya chesi, kama ulivyoomba. Na mimi nilikuwa naanza kuhesabu milima iliyo kati ya Masumbwe na Arusha. Nikaona nikikufundisha kukataa, wa kwanza kukataliwa nitakuwa mimi.

Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, nilikuambia, "Kabula, huwezi kuomba uhamisho? Hata Kahama kuna kidato cha tano. Ungekuwa unakuja kila mwisho wa mwezi." Nilisema kwa upole kabisa, nikitabasamu. Na wewe ulitazama chini, ukasema, "Sawa baba, kama unavyotaka."

Nilifurahi kwa hatua kama kumi hivi za barabarani. Halafu ule uso wako ukanirudia, nikaufahamu. Ulikuwa uso wa ukumbi wa Shinyanga. Ulikuwa na askari wako hatua mbili tu, na mtu mzima unayempenda amekunyooshea mkono juu ya ubao, nawe umeupokea. Safari hii mtu mzima ni mimi. Nilipomwambia mama yako kwamba huenda usiende, aliweka mwiko chini akaniuliza, "Baba Kabula, na huyu naye unamshusha shimoni?" Alisema hivyo tu, akaendelea kupika. Asubuhi yake nilikuambia uhamisho ule niliufanyia mzaha. Haukuwa mzaha, mwanangu. Nilikuwa naomba kweli.

Kwa hiyo ujue kwamba sitaki uende. Nasema wazi ili usije ukaisikia kwa mtu. Benchi langu linatazama pale unapokaa na ubao wako, na sijui nitakuwa natazama nini. Nitamuuliza nani kwa nini farasi anaruka na askofu haruki? Mama yako chesi anaiita michezo ya watu wasio na mashamba. Nina maswali mengi ambayo sijakuuliza. Kwa mfano, ukishampata malkia, yule askari anakwenda wapi? Anakuwa amekufa, au ndiye huyohuyo? Nimelifikiria hilo nikipiga randa na sijapata jibu. Ukifika niandikie.

Ila kutaka kwangu ni mkono tu. Utanyooshewa mingine mingi huko, na watu wema, wanaokuita mwanangu, wenye mvi na machozi ya kweli. Wataomba usubiri kidogo, uache kidogo, muishie hapo. Wasalimie vizuri. Kunja goti, itika, uliza habari za nyumbani, mpaka saa yako iende kama ilivyokwenda siku ile, hilo sitakuambia uliache maana hata Mzee Luhende alilipenda. Halafu kaa kwenye kiti chako, utazame ubao. Kama unaona sare ni haki yake, mpe. Kama unaona askari wako anafika, mwambie, "Naomba tuendelee, babu." Hayo tu. Mimi nilipoteza mguu kwa kukosa maneno matatu ya kukataa.

Nawasikia wewe na mama yako mnakuja, anacheka kile kicheko chake cha kuficha kilio, kwa hiyo nimalizie. Nimeweka fahali mmoja kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Wale watatu wamebaki hapa, kwa hiyo sasa seti yako ni pungufu tena na ya kwangu pia.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Kesho basi likishawasha moto, mimi najijua. Nimeapa sitafanya, lakini nitafanya. Nitasogea dirishani kwako, nitakunyooshea mkono, na nitasema, "Kabula, si ungesubiri hata wiki moja?" Macho yatakuwa yananitoka na watu wa stendi watakuwa wanatazama.

Niamkie, mwanangu. Nami niitike marahaba. Halafu uuache mkono wangu hewani, uende.

Baba yako